Jina Chini ya Mkia wa Samaki

Nakumbuka asubuhi niliyofuta jina la mtu kwa kuwa lilichafua picha. Ndilo kosa langu la mwanzo, nami nililiita usafi.

Mwanangu (nakuita hivyo ingawa ndevu zangu bado zinabembelezwa kuota), nimekufundisha kutengeneza video za masomo, na kila nikikukuta na picha ya mtu unanijibu, «Iko kwenye internet, ni ya bote, kila mutu anabeba.» Umenichosha. Keti.

Mimi nilijifundisha mwenyewe hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Picha ikipinda kidogo, sina amani. Siku hiyo simu iliniletea mchoro wa mukeke, samaki wa ziwa letu, aliyepasuliwa, kila kiungo na rangi yake. Aliuchora Mama Riziki, mwalimu wa biolojia kule Ubwari, ng'ambo ya maji, kwa wanafunzi wake. Jina lake lilikuwa chini ya mkia. Nikalifuta, nikaweka sauti yangu, nikaurusha mtandaoni kama video yangu. Nikasifiwa sana, hata wanafunzi wakaanza kuniita prof. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi nilisafiria samaki wake.

Baadaye Mama Riziki alivuka kwa boti kuja kuwaandaa wanafunzi wetu wa darasa la mwisho kwa mtihani wa serikali. Mimi niliitwa kurekodi. Alipotundika mchoro wake ukutani, kijana mmoja akapaza sauti:

«Madame, umekopia! Hii iko ya prof yetu, ule pale na simu!»

Darasa likaangua kicheko. Mwenye mchoro ameitwa mwizi wa mchoro wake. Akanitazama, akingoja neno langu moja tu. Nami nikajifanya natengeneza kamera ya simu.

Alinikuta mlangoni wakati wa mapumziko.

«Jina yangu uliitupa wapi?»

«Madame, ilikuwa inachafua picha.»

«Jina yangu iko buchafu?»

Nikaleta wimbo wako huo huo, internet ni ya bote.

«Ziwa nayo iko ya bote. Ukikuta wavu ya mwenzako na samaki ndani, utabeba? Rudi mule ndani, useme.»

Nikarudi, nikasema mchoro ni wake na jina nililifuta mimi. Hakuna aliyecheka, ila yule kijana aliuliza, «Sasa prof, we unajua nini?» Nikaifuta video mbele yao. Kisha nikamwomba Mama Riziki niirudishe ikiwa na jina lake.

«Hapana. Chora yako.»

Basi sikia, nisirudie tena. Picha, sauti, hata zoezi la hesabu, vina mwenyewe ingawa havina kufuli. Omba kabla ya kuchukua. Kutaja jina ni adabu, si ruhusa. Ukikataliwa, umekataliwa, kusema «ni kwa faida ya batoto» hakufungui mlango wa mtu. Mungu abariki mkono wako uchore vyako, hata vikipinda, na asiruhusu jina lako lifutwe na mtu anayependa usafi.

Tangu siku ile nachora samaki wangu mwenyewe. Mkia wake umepinda, na katika video zangu hamna cha mtu ambacho sikuomba.