Kijiko Chenye Alama Nyekundu

Jumamosi ile ilikuwa siku ya kubadilisha maji ya samaki. Mzee alikuwa kibarazani ananoa mwiko wake wa uashi, ingawa mwaka wa sita huo hajajenga hata choo. Mkewe alikuwa sebuleni, gauni amelipania kiunoni, anavuta maji machafu kwa mpira kutoka kwenye tangi la kioo mpaka kwenye ndoo.

"Mzee wangu, njoo uone ninavyopima unga. Leo kiuno hakinitaki."

"Nitaona Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo utasema mwiko haujapata makali."

Akacheka peke yake, kama kawaida yake, akaendelea na kazi na maneno. Mchana alianguka jikoni. Gari la hospitali lilipofika hapakuwa na wa kumwahisha.

Miaka ishirini na mbili mke huyo alipiga deki kwa daktari wa meno. Tangi lile lilikaa chumba cha kungojea, wagonjwa wawatazame samaki wasahau koleo. Daktari alipostaafu, akawaambia wafanyakazi wachukue wanachotaka. Wenzake walibeba viti. Yeye akabeba samaki.

Majirani walimcheka: samaki gani hao wanalishwa wasilike? Akawajibu, "Hawa angalau hawasengenyi mtu." Wakamwita Mama Samaki, na jina likamkaa. Samaki walikuwa saba. Yule mkubwa wa rangi ya chungwa, anayeshinda nyuma ya jiwe, alimpa jina la Fundi, kwa ajili ya mumewe. Alisema ukiwaona wote wawili wamesimama, ujue chakula kimeiva.

Maji ya bomba yana klorini. Mtu anakunywa hana habari, lakini samaki inamchoma matamvua. Ndiyo maana mkewe alikuwa na kopo la unga mweupe wa kuiua. Ndani ya kopo mlikuwa na kijiko cha plastiki cha dawa ya kikohozi, nacho kina mstari mwekundu alioupaka kwa rangi ya kucha.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, tangi likaanza kuwa na ukungu. Binti yao akasema, "Baba, tuwagawe. Utawaweza?"

"Nimejenga shule mbili za ghorofa, nitashindwa na ndoo?"

Hakumwambia lililokuwa moyoni. Usiku na mchana pampu ya hewa ya tangi ilinguruma pale pembeni, na ikizimwa, nyumba haitakuwa na sauti ya mkewe tena.

Jumamosi akaianza kazi ya mkewe. Akavuta maji machafu, funda moja likamfika kooni, akalitema. Akajaza maji mapya. Siku hizo mvua ilikuwa imenyesha, watu wa maji wakazidisha dawa, na bomba lilinuka klorini hadi mlangoni. Akafungua kopo. Maandishi yake yalikuwa madogo kama chawa, naye shule alizijenga tu, hakuzisoma. Mstari mwekundu aliuona. Lakini unga wa kufika pale ulikuwa kama chumvi ya yai moja, kwa tangi zima. Akawaza kifundi: saruji ikipungua, nyumba huanguka, ikizidi, nani amewahi kulalamika? Akajaza kijiko mpaka juu. Akatia cha pili. Cha tatu alikitia kwa huruma.

Binti alipofika na mkate, samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta pumzi.

"Baba, umetia kiasi gani?"

"Vitatu. Vya kujaa."

Binti akalisoma kopo, kisha akalisoma tena. "Unga ukizidi unakula na hewa iliyomo ndani ya maji."

"Basi tuirudishe."

Mzee akachukua jagi. Akachota maji ya tangini, akainua mkono juu ya kichwa, akayamwaga yaanguke kwa kishindo yabebe hewa. Akachota tena. Bega lile lililorusha lipu ukutani maisha yake yote likaanza kuuma, naye hakuacha. Kufika adhuhuri watatu walikuwa wamelala ubavu. Binti akawafunga kwenye gazeti.

"Pumzika, baba."

"Fundi bado anahema."

Akamwaga mengine. Ilikuwa alasiri Fundi alipoacha kutafuta pumzi juu, akashuka polepole, akajiegesha nyuma ya jiwe lake, mdomo ukifunguka kidogo kidogo. Mzee akavuta kiti, shati limelowa mpaka kiunoni.

"Mama hakukuambia kipimo?" binti akauliza.

Mzee akakichukua kile kijiko. Aliambiwa. Asubuhi ile ya mwisho, mwiko uko kwenye jiwe la kunolea, sauti ya mkewe ilitoka sebuleni, naye aliisikia vizuri, neno kwa neno, akaendelea kunoa.

"Alisema, 'Mpaka kwenye alama tu, mzee wangu. Wewe kila kitu unakiona ukuta.'"