Nilimfungia Dereva Habari Zake Mwenyewe

Nilikosa. Naandika neno hilo mwanzoni kabisa kwa sababu najijua: nikishaanza kujisifu, sitalifikia tena.

Na kujisifu nitajisifu, mnisamehe! Maana walisema sitaweza. Tonton wangu, mdogo wake mama, aliyetoka Maniema akaja kuuza vitenge hapa Kisangani, alicheka mpaka akashika mbavu siku nilipomwambia kwamba nitaandika jarida la mtandaoni, liingie kwenye simu za watu mara mbili kwa juma, nao walilipie kila mwezi.

"Mutu wa Kisangani alipe juu ya kusoma?" alisema. "Hapa mutu anasoma gazeti kwa bega ya mwenzake, na ukigeuza ukurasa mbio anakukasirikia! Bon. Siku watu watano watakulipa, mimi nitaenda na miguu mpaka Masako, kule ndani ya pori."

Hakujua anacheza na nani. Mimi niliondoka hapa na begi moja, nikakaa Nairobi miaka tisa, nikaosha magari, nikauza mayai ya kuchemsha kituo cha mabasi, na katikati ya mayai hayo nikasoma hadi nikapata diploma ya mawasiliano. Sikusomeshwa na mtu! Diploma ile sasa iko ukutani sebuleni, kwenye fremu ya kioo, na mgeni akija namkalisha mahali ambapo hawezi kuacha kuiona.

Niliporudi, vita vya mashariki vilikuwa vimeigeuza barabara kuwa mazungumzo ya mji mzima. Maharagwe, vitunguu na viazi vyetu vinatoka Butembo kwa lori. Barabara ikiwa wazi, mji unakula vizuri. Ikifungwa, kila mama sokoni anajua kabla ya redio.

Anajua vipi? Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa. Kwenye maegesho ya malori tuna desturi moja. Dereva akifika kutoka Butembo, hata kama ana njaa ya siku mbili, hapewi kigoda kwanza. Anasimama palepale mlangoni mwa lori na kusema barabara: wapi kuna tope, wapi daraja limelegea, wapi askari wamefunga, wapi milio imesikika. Wenzake wanaokwenda huko wanasikiliza. Akimaliza, ndipo anapewa kigoda, sahani ya pondu, majani yetu ya muhogo, na kipande cha kwanga, mkate wa muhogo. Hakuna anayelipa, na sijawahi kuona dereva akikataa kusema.

Mimi nilikuja na daftari. Nikaandika waliyosema, nikaongeza bei za samaki wa Yanonge na za maharagwe, nikapanga vizuri kwa Kifaransa na Kiswahili, nikatuma. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa bure. Wafanyabiashara walilipenda jarida lile hadi wakawa wananisimamisha njiani!

Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa Paluku, dereva wa Mama Kavira. Mama Kavira ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, na duka lake liko Makiso, katikati ya mji. Paluku hakungoja hata kufika maegeshoni. Alinipigia simu akiwa bado njiani. "Journaliste, andika!" Hakusalimu, alianza na hayo. Kisha ananipa kila kilima na kila shimo.

Basi nikaanza kutoza. Dola tatu kwa mwezi, au thelathini kwa mwaka mzima ukilipa mbele.

Hapo sioni aibu. Mega za intaneti nanunua, kuchaji simu na kompyuta kwa mwenye jenereta nalipa, na asubuhi zangu zinakwisha. Anayesema mwandishi asitoze aje kwanza anilipie jenereta! Watu sitini na watatu walijiunga. Sitini na watatu, katika mji ambao sikupewa hata watano! Nilikwenda dukani kwa tonton na orodha mkononi, nikamsomea jina moja moja mbele ya wateja wake.

"Na Masako, tonton? Unaondoka saa ngapi?"

"Goti inaniuma," akasema, akageuka kukunja vitenge.

Nikanunua viatu vya ngozi. Nikanunua pikipiki ya mkono wa pili. Na kichwa kikavimba, rafiki yangu, kikavimba kweli!

Kwa sababu mwanzoni nilifunga makala zangu tu, bei na uchambuzi, na barabara niliiacha wazi. Kisha nikaona watu wanasoma barabara wanaridhika, hawalipi. Nikaifunga nayo. Wasiolipa nikawaachia mstari mmoja wa kuwatekenya: "Kuna jambo zito limetokea barabarani. Mliolipia, endeleeni kusoma." Walilipa mbio!

Mama Kavira hakulipa. Aliniita dukani.

"Mutoto wangu, ile habari inatoka wapi?"

"Kwa madereva, mama."

"Paluku iko dereva ya nani?"

"Wako, mama."

"Na simu anakupigia na unité ya nani, na vocha ya nani? Si ile nilimununulia mimi? Alors, habari yangu, dereva yangu, unité yangu, na mimi tena ndiye ninunue?"

Nikamjibu kwa sauti ya mwenye diploma. Nikamweleza kwamba habari ghafi si kitu, kazi ni kuipanga. Akamgeukia mteja wa mafuta ya mawese, akampimia. Jioni ile nikaliondoa jina lake kwenye orodha ya wanaotumiwa jarida. Na kwa kuwa simu ya Paluku ilikuwa chini ya jina lake, Paluku naye akatoka.

Ona upumbavu huo! Mtu aliyekuwa ananipa barabara kila juma, mimi nikamfungia barabara.

Alhamisi moja asubuhi dereva mwingine alinieleza kwamba kipande cha barabara ya Butembo kati ya Mambasa na Nia-Nia kimeharibika. Milio ilikuwa imesikika kule msituni, na askari walikuwa wanaelekea kufunga. Gari likiingia humo halitatoka, si mbele wala nyuma. Habari kubwa! Niliiandika vizuri, nikaifunga, na juu yake nikaweka mstari wangu wa kutekenya: "Jambo zito baada ya Mambasa."

Saa mbili hivi simu ikalia. Paluku. Nilijua yuko upande ule na shehena ya vitunguu ya Mama Kavira. Niliangalia jina lake likiwakawaka juu ya meza.

Sikupokea.

Nilijiambia kwamba ameuona ule mstari kwenye simu ya mwenzake na anataka kusoma bure. Nikasema, kwa mdomo wangu huu, peke yangu chumbani: alipe kwanza. Alipiga mara tatu. Mara ya tatu niliigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kunywa chai.

Mchana ule barabara ilifungwa. Wasomaji wangu wenye magari walikuwa wamesimama Mambasa wakisubiri. Paluku alikuwa ndani.

Siku kumi na tisa! Simu yake haikupatikana tena. Mke wake alikuwa anakuja dukani kwa Mama Kavira kila asubuhi, anakaa juu ya gunia la chumvi. Mimi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nisionekane, na viatu vyangu vya ngozi. Na wateja wangu, tafadhali, walinipongeza. "Jarida lako limetuokoa!" Kila pongezi ilinipata kama kofi.

Siku ya ishirini lori liliingia. Harufu ilifika kabla yake: vitunguu vilikuwa vimeoza hadi maji yanachuruzika ubaoni. Paluku alishuka amekonda, macho ya njano kwa malaria. Simu alikuwa ameiuza kijijini ili ale. Mke wake alimshika mkono wa shati, hakuuachia.

Watu walijaa kusikiliza barabara. Na mimi nilikuwepo, na daftari langu. Nilifikiri nini? Sijui!

Paluku alizungusha macho hadi akanipata.

"Ah, journaliste iko hapa! Bon. Leo barabara ni dola tatu."

Maegesho yote yalicheka. Yeye hakucheka. Aliwageukia wenzake akaanza kusema barabara kwa Kinande, lugha ya kwao, ambayo mimi sijui hata neno la salamu. Alisema yote, mpaka mwisho, kisha akapewa kigoda.

Kuanzia siku ile madereva wote, wakiwa mlangoni mwa malori yao, waliponiona walihamia Kinande. Wasio Wanande walijifunza kukohoa tu hadi niondoke. Jarida langu likakauka. Juma la kwanza niliandika bei za samaki. La pili niliandika makala ndefu kuhusu umuhimu wa subira. Subira! Watu walilipa dola tatu wasome subira!

Nilikwenda kwa tonton kulalamika kwamba nimesusiwa. Safari hii hakucheka.

"Wale walilipa mwaka muzima mbele, wako wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Basi haukuwauzishia kitu. Mutu akikupa feza leo juu ya habari ya mwezi wa kumi na mbili, amekukopesha. Unaishi katika deni, mwenye diploma, na ulifikiri ni mushahara."

Neno hilo halikuwemo katika masomo yangu yote ya mawasiliano! Nilikaa nalo siku mbili. Kisha nikauza pikipiki. Nikauza na viatu. Nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, nikaenda mlango kwa mlango kurudisha pesa za miezi ambayo sikuwa na habari ya kuijaza. Kila mlango nilieleza kwa nini. Nilitaja simu niliyoigeuza kifudifudi. Mmoja alikataa fedha yake na kufunga mlango. Wa pili alinipa soda. Pesa ya pikipiki haikutosha, nikafundisha Kifaransa jioni, nikaandikia watu barua za kuomba kazi, miezi mitano mizima.

Paluku nilimnunulia simu. Aliipokea, akasema asante ya watu wasiojuana.

Sasa wewe unayeandika mtandaoni, na najua mko wengi, msikilize aliyeungua. Toza! Usione haya. Toza kwa hesabu zako, kwa uchambuzi wako, kwa kuamka kwako mapema. Lakini habari ambayo mtu akiikosa anaweza asirudi nyumbani, hiyo iache wazi kabisa, hata kwa adui yako. Na kabla hujamfungia mtu mlango, angalia kwanza kama si yeye aliyekujengea nyumba. Mimi sasa nimeanza upya: barabara ni bure, bei na uchambuzi ni dola mbili, kwa mwezi mmoja mmoja tu. Mwaka mzima mbele sipokei tena hata unilazimishe.

Aliyebaki mwisho kwenye orodha yangu ya kulipa alikuwa Mama Kavira, ambaye hakuwahi kulipia jarida hata mara moja. Nilikwenda dukani nikamuuliza vitunguu vilikuwa vya shilingi ngapi. Ndiyo, nilisema shilingi, kwa woga Nairobi ilinirudia mdomoni.

"Vitunguu nimemwachia Mungu," akasema. "Hutaweza. Lakini unité yangu, ile Paluku alikuwa anakupigia miezi yote ile, hapana! Ile utalipa."

Alikuwa ameihesabu. Aliitoa karatasi chini ya mzani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, simu kwa simu. Nililipa yote. Alizihesabu noti mara mbili, akanionyesha kigoda kwa kidevu, kisha akamwita muuza unité wa pale nje na kumkabidhi zilezile noti, hazijapoa.

"Mutumie Paluku," akamwambia. "Anajua ni nani wa kupigia."

Nilikaa. Alipima chumvi ya mteja. Alipima sukari. Mimi niliweka simu yangu juu ya goti, uso juu.

Ilipolia sikungoja ilie mara ya pili.

"Journaliste," ilisema sauti, na nyuma yake injini ya lori, "niko Bafwasende. Andika."

Sikuwa na daftari. Niligeuza karatasi ya Mama Kavira, nikaandika nyuma yake.