Orodha ya Wanaorudi

Juzi binti yangu alinionyesha simu yake tukiwa jikoni, mimi nakata sukuma, yeye amekaa juu ya kaunta ingawa nimemkataza mara mia. Timu ya chuo chake inaanza msimu mpya, na kuna ukurasa umeshawapima wachezaji wote kabla mpira haujapigwa: nani anarudi, nani ameondoka, nani atafunga, timu ipi itashika nafasi ipi. Kila jina lina asilimia yake pembeni. Nikamuuliza, "Na nani alikwenda kuwaona?" Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hakuna anayekwenda kumwona mtu, kompyuta inajua yenyewe. Nikasema haya mama. Lakini mawazo yalishaondoka pale jikoni. Yalikuwa Tottenham, London, katika ukumbi wa kanisa, Jumapili ya mwisho ya Agosti, na mimi nina miaka tisa.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana usipomjua Mwalimu huwezi kuelewa kwa nini mimi huzidharau asilimia za kwenye simu.

Mwalimu alikuwa jirani yetu. Sisi tulikaa ghorofa ya nne, yeye ya pili, katika jengo la kaunsili, yaani la serikali ya mtaa, ambalo lifti yake ilikuwa mbovu siku nyingi kuliko ilivyokuwa nzima. Kwao ni Taita. Alifundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla ya kuja huku, na huku akawa kea, anaogesha wazee na kuwalisha, shifti za usiku na za mchana. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mchungaji, Mkongo mwenye umri wa kumzaa, alimwita Mwalimu. Alikuwa mfupi, sauti kavu, hacheki ovyo, na mkobani mwake hamkukosa daftari la hesabu, lile la vijisanduku, na penseli aliyoichonga kwa kisu.

Zamani hizo vijana wetu wengi walikuwa vyuoni wakijifunza ufundi bomba, umeme, kutunza wagonjwa, wengine Kiingereza tu. Vyuo vile havikuwa na nafasi kwenye ligi yoyote. Basi vijana wakajipanga wenyewe. Nahodha anampigia nahodha mwenzake, wanakubaliana uwanja, refa anaombwa kanisani au msikitini, mchezo unachezwa. Tukaziita timu huru. Zilikuwa tatu: ya kwetu Tottenham, ya Barking, na ya Peckham. Hazikuwa na kombe, hazikuwa na gazeti, na jezi za timu yetu zilikuwa zimechapwa nyuma jina la duka la nyama lililokwisha kufungwa.

Dunia haikujua kwamba timu hizo zipo. Mwalimu alijua. Jumamosi akitoka shifti, badala ya kulala kama binadamu wengine, alisimama kando ya mstari na mwavuli wake, anahesabu. Hakuhesabu magoli peke yake. Alihesabu pasi zilizofika, mipira iliyopotezwa, na nani alikimbia kurudi nyuma baada ya kuipoteza. "Goli kila mtu analiona," alituambia. "Mimi naandika yule aliyerudi kukaba wakati hakuna anayemtazama." Vijana walimwogopa kuliko makocha wao. Nimeona jitu zima la Barking, beki mwenye mabega ya mlango, limesimama mbele yake likijitetea: "Mwalimu, ile pasi haikuwa yangu, upepo ndio ulioichukua." Akamjibu, "Upepo haumo katika daftari langu, baba," akaendelea kuandika.

Agosti ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kabla ya msimu Mwalimu alitayarisha orodha ya timu zote tatu, na kila mchezaji wa mwaka uliopita aliandikiwa neno moja: anarudi, harudi, au tungoje. Na hakumwandika mtu kwa kusikia. Alipanda basi hadi Barking, akashika treni hadi Peckham, akaingia nyumba moja moja, akala alichopewa, akatazama viatu vya mpira kama vina tope la karibuni. Halafu ikaja kanuni yake, ambayo kila nyumba iliijua. Mchezaji mwenyewe hakuulizwa. Kijana anayetaka kucheza atakudanganya mchana kweupe. Aliyeulizwa ni mtu mzima wa nyumba ile, mama, baba, shangazi, hata mama mwenye nyumba kama kijana hana ndugu. Mwalimu alimtazama usoni akamuuliza, "Yupo?" Akijibiwa yupo, maana yake mzima, yuko tayari, na nyumba inasimama naye. Neno la nyumba liliandikwa kwa wino, si kwa penseli, na nahodha hakumpanga mtu ambaye hakuandikwa anarudi.

Jumapili ya mwisho wa mwezi orodha ilisomwa ukumbini baada ya ibada. Loo, ile harufu! Mama zetu wa Mombasa waliamka alfajiri kukaanga mahamri, Wakongo walileta sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kwenye masufuria makubwa yaliyofungwa kwa taulo, mbaazi za nazi zilikuwa kwenye ndoo safi, na kulikuwa na birika la chai ya tangawizi iliyokuwashia koo. Majirani Waislamu nao walikuja ibada ikiisha, wakakaa upande wa dirishani. Kazi yetu watoto ilikuwa kupanga viti na kugawa sahani za karatasi, na kukatazwa kugusa mahamri kabla ya orodha.

Mwalimu alianza na makosa yake. Hilo sijaliona popote tena. Kabla ya kutabiri lolote alifungua daftari la mwaka uliopita akasoma alipokosea: nilisema Peckham watamaliza wa mwisho, wakamaliza wa kwanza, nilimdharau kipa wao. Kijana mmoja nilimwandikia tungoje badala ya harudi, kwa kuwa nilimwonea haya mama yake. Watu walicheka, wa Peckham wakapiga meza. Akimaliza kujisuta ndipo alipofungua ukurasa mpya.

Jina likisomwa pamoja na neno anarudi, nyumba nzima ya mchezaji ilisimama. Baba aliyetoka kufagia ofisi za watu alfajiri, mama wa shifti, watoto, nyanya aliyekuja kutembea kwa viza ya miezi sita, wote wima, na ukumbi unapiga vigelegele. Sisi huku ni watu wa kupanga foleni, wa kuitwa namba dirishani, wa kuambiwa barua yenu haijafika. Pale tulisimama tukashangiliwa. Nilipokuwa na miaka minane tulisimama kwa ajili ya kaka yangu, kiungo wa timu yetu. Mama alikuwa na kitambaa kipya. Nilijiona mrefu.

Mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya orodha, kaka aliumia goti kwenye kiwanja cha lami nyuma ya jengo letu. Akamficha mama. Kocha wa timu moja ya ligi, timu ya kweli yenye uwanja na taa, alikuwa ameahidi kuja kumtazama mechi ya kwanza, na kaka aliona akisema anaumwa mlango utafungwa. Mimi ndiye niliyemletea pakiti ya njegere kutoka kwenye friza kila jioni, tunaifunga gotini kwa skafu yangu ya shule. Goti lilikuwa limevimba hata halionekani ni goti. "Usimwambie mtu," alisema, na mimi nilijisikia mkubwa kwa kuaminiwa.

Mwalimu alikuja Jumamosi, kesho yake ndiyo orodha. Alikuwa ametoka shifti ya usiku, macho mekundu, ameshakwenda Peckham akarudi. Mama alikuwa kazini, angerudi saa kumi, na hiyo ilikuwa saa nane. Kaka alimkaribisha vizuri, akamwonyesha viatu. Mwalimu akamwomba ashuke dukani amletee maziwa. Kaka aliposhuka, Mwalimu alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha, anasikiliza miguu ya kaka kwenye ngazi. Nami nilisikiliza. Mguu mmoja ulishuka sawasawa, mwingine ulichelewa.

Alirudi ndani, akakaa, akafumba macho kidogo. Kisha akanitazama mimi.

"Yupo?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la watu wazima. Ningeweza kusema mama anarudi saa kumi. Ningeweza kusema sijui. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma kaka, ingawa nilimpenda. Nilitaka tusimame. Nilitaka vigelegele, na mama avae kile kitambaa. Nikasema, "Yupo, Mwalimu."

Akaandika kwa wino.

Kesho yake tulisimama. Na wiki iliyofuata, kwenye mechi na Barking, kaka alipinda kuufuata mpira, nikasikia sauti yake kabla sijamwona chini. Kocha wa ligi alikuwepo, akasaidia kumbeba, akaondoka. Kaka alifanyiwa upasuaji mara mbili na hakucheza tena mpira. Mama alisema mficha maradhi kilio humfichua, akalisema mara moja tu, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Kila mtu alidhani safari ile kaka mwenyewe ndiye aliyeulizwa, akamdanganya Mwalimu, na kaka, kwa kuwa alikuwa dukani, hakujua niliulizwa.

Mwaka mzima niliingoja orodha kwa hofu, kwa sababu nilijua inaanza na makosa. Siku ilipofika nilikaa nyuma karibu na mlango, sahani ya karatasi mapajani. Mwalimu akafungua daftari la zamani. Alipofika kwa kaka yangu alinyanyua kichwa. "Niliandika anarudi," akasema. "Kijana aliumia na hatacheza tena. Kosa hilo ni langu. Nilisikia ngazi, na nilikosea kuuliza. Namwomba radhi yeye na mama yake mbele yenu." Ukumbi haukucheka. Mama alilia. Kaka, na fimbo yake, alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu hakuangalia upande wangu hata kidogo, akageuza ukurasa.

Basi mimi nikakua nikiamini kwamba katika daftari lile la haki kulikuwa na uongo mmoja, na uongo huo ulisemwa ili kunisitiri mimi. Nilimpenda kwa hilo, na niliona aibu kwa hilo. Nikimkuta ngazini nilimbebea mifuko hadi mlangoni na nikashindwa kumtazama machoni.

Timu huru zilikufa polepole, kama mambo mengi yanavyokufa hapa London, bila mtu kutangaza. Vyuo viliunganishwa, vijana wakapata kazi za wikiendi, Peckham wakakosa uwanja, kisha Barking wakaingia ligi na makaratasi yao. Ukumbi uliuzwa, sasa ni fleti zenye vioo vikubwa. Kaka anaendesha basi, na baridi ikizidi huchechemea. Mwalimu aliendelea kusoma orodha hadi mwaka ambao timu iliyobaki ilikuwa moja na wasikilizaji hatukufika ishirini, na hata mwaka huo alianza na makosa yake.

Alipoamua kurudi Taita moja kwa moja, mimi nilikuwa nimeshakuwa nesi. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tulikuwa sakafuni, tunakunja mablanketi, na nikaona nisipolisema siku ile sitalisema tena.

"Mwalimu, mwaka ule wa goti, mimi ndiye niliyesema yupo. Nilijua kwamba hayupo."

"Najua," akasema. "Si nilikuwa nimekaa mbele yako?"

"Na ukasimama ukasema kosa ni lako. Ulinifichia mbele ya watu wote."

Akaliweka blanketi chini. Sauti ilikuwa ile ile kavu ya kumrekebisha beki wa Barking.

"Mimi sijamfichia mtu katika daftari lile, hata siku moja. Kanuni ilikuwa aulizwe mtu mzima. Mama yako alikuwa anarudi saa kumi. Nilikuwa nimechoka, nikaona uvivu wa kuzipanda tena ngazi zile, nikamuuliza mtoto wa miaka tisa. Hilo ndilo kosa nililolisoma. Wewe ulidhani nasoma nini?"

Zaidi ya miaka kumi na mitano nilikuwa nimejishtaki kwa kosa ambalo mwenyewe alishalichukua hadharani, lote, bila kunibakizia hata kipande, na alilichukua kwa sababu lilikuwa lake kweli. Akalichukua tena blanketi, akanipa ncha mbili.

"Shika vizuri," akasema. "Unakunja vibaya."

Nilishika, nikakunja, machozi yananitoka mtu mzima mimi, na Mwalimu akaniacha nilie bila kuniuliza kitu. Alifariki huko kwao, na sikupata ruhusa kazini kwenda kumzika. Hadi leo sijapata kumwona mtu mwingine wa namna yake.