Jina la Mama Lilipokatwa

Mama alikuwa na miaka hamsini na tisa alipochukua fomu ya kugombea udiwani kupitia chama chake. Baba hakufurahi. Aliendelea kumenya ndizi, akasema tu, "Watakuchosha." Mama akamjibu kwamba kupanda na ndoo kutoka mtoni kumemchosha zaidi.

Kwetu ni upande wa Masoko. Mimi nafundisha mjini Tukuyu, nikashuka kijijini siku ya kura za maoni. Wajumbe walipigia kura darasani, na karatasi zikasomwa moja moja mbele ya watu. Mama aliwashinda vizuri tu wanaume wawili. Wanawake walimfunga khanga mabegani, wakamsindikiza nyumbani kwa nyimbo. Tulimkuta baba amesimama mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, na ilikuwa Jumamosi.

Wiki mbili baadaye majina ya walioteuliwa yakarudi kutoka vikao vya juu. Jina la mama halikuwemo. Lilikuwepo la mshindi wa pili, mfanyabiashara wa ndizi anayefahamika na wakubwa. Tulipomwuliza katibu wa kata sababu, alitazama viatu vyake, akasema, "Vikao vimeona hivyo."

Mama hakulia mbele yetu. Alichukua jembe akaenda kupalilia mpaka mvua ikamrudisha. Alimkuta baba mezani anaandika rufaa. Mkono wake hutetemeka siku hizi, kwa hiyo aliirudia mara tatu ili isomeke.

"Kumbe ulitaka nishinde," mama alisema.

"Nilitaka usiumizwe. Sasa wameshakuumiza, ndiyo maana naandika."

Baba aliipeleka mwenyewe Tukuyu. Haikujibiwa.

Kampeni zilipoanza, yule mfanyabiashara alikuja nyumbani kumwomba mama asimame naye jukwaani, maana wanawake walikuwa wanasema hawatatoka kupiga kura. Mama alimpa kiti, akampakulia ndizi na maharage, akamwacha ale kwanza. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, uliomba jina langu likatwe?"

Aliisogeza sahani pembeni. "Sikuomba, mama. Ila waliponiambia, sikukataa."

"Ahsante kwa kusema kweli. Jukwaani sitapanda. Nikipanda nitakuwa nawaambia wale walionichagua kwamba kura yao haikuwa kitu. Nenda kawaambie hayo uliyoniambia mimi."

Sijui kama aliwaambia wote. Najua alikwenda kwa wanawake wa kwaya, kwa sababu mmoja wao alinisimulia jinsi alivyokuwa akijifuta jasho kwenye baridi. Alipotoka kwetu siku ile, baba alikusanya vyombo alivyotumia mgeni, akaviosha mwenyewe. Sikuwahi kumwona akiosha chombo maishani mwangu. Mama alijifanya haoni, akaendelea kuchambua maharage, lakini alikuwa anatabasamu.

Mfanyabiashara alishinda. Si diwani mbaya. Mama huenda ofisini kwake na wenzake kuulizia bomba la maji, naye huwapokea kwa heshima.

Siku ya uchaguzi wenyewe nilikuwa nyumbani. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wazee wangu walikwenda kituoni pamoja chini ya mwavuli mmoja, na baba aliuinamishia upande wa mama, bega lake likalowa lote. Mama alimpigia nani, hajasema. Nami sijamwuliza.