Mawe Niliyoyasugua

Mjukuu wangu, unaanza kazi Jumatatu, kwa hiyo kaa nikuambie jambo ambalo hata baba yako halijui. Nakumbuka Ijumaa moja nikiwa na miaka kumi na tisa, mhudumu wa gesti pale Mazwi, Sumbawanga mjini. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akajenga gesti, na kila gesti ikatafuta kitu cha kuwatia wenzake wivu. Bosi wangu, Mama Odilia, alileta tangi la kioo la samaki wa mapambo, akaliweka mapokezi.

Aliyelitengeneza ni Mzee Festo, mvuvi wa Kasanga, kando ya ziwa, aliyewahi kuwafanyia kazi wanunuzi wa samaki wa rangi. Alipanga mchanga na mawe ya ziwani, akatia maji na samaki wawili tu, akasema tusubiri wiki sita. Alinieleza taratibu, maana alipenda kufundisha, kwamba mkojo wa samaki ni sumu, na kwamba kwenye mawe huota utelezi wenye vijidudu visivyoonekana, ambavyo huila sumu hiyo na kuigeuza. Kila Jumamosi alichota maji kwenye kichupa, akayadondoshea dawa ya kupimia. Yakiwa ya njano ni salama. Yakigeuka kijani, sumu imo. Wiki za mwanzo yalikuwa kijani kabisa, kisha kijani kikaanza kufifia.

“Yanachachuka kama togwa,” aliniambia. “Usiyaguse, binti. Huo utelezi ndio chachu yenyewe.”

Nilimsikia. Lakini kwetu Mwazye nililelewa kusugua vyombo kwa majivu na mchanga, na sufuria yenye doa ilimwaibisha mama mzima. Ijumaa ile wiki sita zilikuwa zimetimia: Jumamosi samaki kumi walikuwa wanaletwa, na Jumapili tulipokea wageni wa harusi. Niliyatazama yale mawe ya kahawia, yanateleza, nikawaza wageni watasema msichana wa hapa mchafu. Nikawahamishia wale wawili kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe kwa majivu mpaka yakawa meupe. Mchanga niliuosha kwa maji ya moto. Kisha nikajaza maji mapya, nikawarudisha samaki, nikajiona hodari sana.

Kesho yake Mzee Festo alifika na ndoo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akiyatazama mawe.

“Binti, umeyagusa?”

“Hapana, mzee. Nimefuta kioo tu.”

Akapima. Njano tupu. Maji mapya yangekosaje kuwa ya njano, wakati samaki hawajapata muda wa kuyachafua? Mzee akaliamini neno langu kuliko macho yake, akawamimina samaki wote kumi.

Jumatatu walikuwa juu wanatweta, matamvua mekundu. Kufikia Jumatano walikuwa wameelea wote. Mama Odilia alimwita Mzee Festo, akamwambia mbele ya wageni kwamba ameleta samaki wagonjwa, na kwamba atahakikisha hakuna gesti Sumbawanga itakayompa kazi tena. Mimi nilisimama pale na sinia la chai. Mzee aliingiza mkono tangini, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, likakwaruza, utelezi hakuna. Akanitazama, kisha akaokota ndoo yake akatoka bila kunitaja.

Nilimfuata stendi, akisubiri lori la Kasanga, nikamwambia yote huku nalia.

“Kusugua ni ujinga tu,” alisema. “Ungeniambia nilipokuuliza, ningewarudisha samaki ziwani, tukaanza upya. Sasa nenda ukamwambie bosi wako.”

Niliitikia ndiyo. Nilipofika mapokezi Mama Odilia alikuwa bado amefura, nikaogopa kufukuzwa, nikapitiliza jikoni. Sikusema siku ile, wala mwaka ule, wala hadi Mama Odilia anazikwa. Mzee Festo hakupata kazi tena mjini. Mpaka leo naona aibu, mwanangu, na hii ndiyo mara ya kwanza naitamka.

Basi huko uendako, mtu ambaye huijui kazi yake usimrekebishie, hata kama macho yako yanaona uchafu. Ukikosea, na utakosea, ukiulizwa sema palepale, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Na ukishindwa palepale, sema kesho yake, ukiwa unatetemeka hivyohivyo. Usingoje kama mimi mpaka asibaki mtu wa kumwambia.

Nenda salama. Mungu aibariki mikono yako, na akupe ujasiri ambao bibi yako aliukosa.