Siku Bibi Alipowaona Wale Wakubwa

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, siku tuliyoketi nyumbani Nangara, hapa Babati, tukabishana tumpeleke bibi mbuga gani. Nakusimulia kwa sababu jana umekuja na simu yako, ukanionyesha Serengeti, ukanionyesha Ngorongoro, ukanionyesha na hoteli yenye bwawa la kuogelea, halafu ukaniuliza wewe na mume wako mwende wapi. Sikukujibu. Haraka haraka haina baraka, na tena chai yangu ilikuwa inapoa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia lilikuwa linafungwa taratibu kuanzia pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alituambia wazi kwamba hata hilo tundu litaziba, na dawa ya kulifungua tena hakuna. Tukamuuliza bibi anatamani kuona nini kabla ya hapo. Tulidhani atasema Roma, maana kwa kanisa alikuwa hashikiki. Akasema, "Nataka kuwaona wale wakubwa."

Wale wakubwa ni tembo. Kwao, upande wa Mamire, mahindi yakiwa shambani tembo hakutajwa jina, asije akadhani ameitwa. Na bado walikuja. Wanaume walitoka na madebe kuwafukuza, wanawake na watoto wakafungiwa ndani. Kwa hiyo bibi alikua akiwasikia tu, mahindi yanavunjwa, matumbo yananguruma nyuma ya ukuta. Kukicha anakuta nyayo shambani, anaingia kwenye unyayo mmoja na kukaa humo, mtoto mzima anaenea. Ujirani wa utoto wote, na hakuwahi kumwona hata mmoja.

Mwaka ule mbaazi zilitukubali, tukaweza kukodi gari. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ualimu, najiona nimesoma. Nikasema ni Serengeti, hakuna mjadala. Tarangire? Hapo njiapanda yake basi la Arusha linapita kila siku, watu wanashuka na kuku zao. Nani wa Babati atajisifu kwamba amekwenda Tarangire? Nilitaka nikirudi walimu wenzangu wakae chini wanisikilize.

Shangazi yangu Paskalina alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu, hayo macho yanayofungwa ni ya nani?"

"Ya bibi, shangazi."

"Haya. Huko Serengeti uwanda hauna mwisho, mnyama yuko kule, dereva anakunyooshea kidole. Mtu mwenye tundu moja la kuonea ataona nini? Ataona majani. Tena umeshamtikisa njiani kutwa nzima. Kiangazi hiki maji yamebaki mtoni Tarangire, na wale wakubwa wamejaa hapo. Mpeleke mahali ambapo tembo atalijaza hilo tundu. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilinuna. Nilinuna hasa, mwanangu, lakini nikaenda kukodi gari la Tarangire.

Tukaenda Tarangire, bibi, shangazi, mimi na dereva. Mwanzoni nilidhani tumekwenda bure. Kundi lilivuka barabara mbele yetu, kila mtu akaliona isipokuwa mwenye safari. Bibi anageuza kichwa huku, tundu linakuta vumbi, anageuza kule, linakuta kichaka. "Wako wapi?" anauliza. "Wako wapi?" Nilitamani nimtolee jicho langu nimpe. Shangazi akamwambia dereva azime gari, tusubiri.

Tukasubiri karibu na mto, kimya. Kisha jike mmoja akapanda kutoka majini na ndama wake, akaja polepole, akaja mpaka nikaacha kupumua. Akasimama ubavuni mwa gari. Bibi akanyanyua uso, na safari hii hakuhangaika kutafuta. Alianza kumsoma kidogo kidogo, kama mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole. Akaliona jicho. "Ana kope," akasema, "kope ndefu za msichana." Akashuka na mkonga, mkunjo kwa mkunjo, akafika kwenye mguu, akakaa hapo muda mrefu. Ule mguu aliujua.

Halafu tumbo la yule mnyama likanguruma. Mlio ule huusikii kwa sikio peke yake, unaingia kwenye mbavu. Bibi akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Kumbe ni ninyi," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamooni."

Mwanangu, bibi alikuwa hajamwamkia mtu kwa miaka na miaka. Aliowaamkia walishazikwa wote, sisi wengine tulimwamkia yeye. Siku ile akapata mkubwa wake. Dereva alivua kofia. Shangazi, mkali yule, machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Na mimi msomi niliogopa, kuogopa kuzuri, ule woga wa mtu aliyesimama mbele ya kazi ya Mungu na kujiona mdogo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sijaona tena kitu kama kile.

Mvua zilipoanza, lile tundu liliziba. Bibi aliishi gizani miaka kadhaa, na hakulalamika. Mgeni akija, anamsimulia zile kope.

Sasa nikujibu. Serengeti sikukatazi. Nilifika baadaye, na uzuri wake hausemeki. Ila usichague mbuga kwa ajili ya masikio ya watu watakaokuuliza ukirudi. Kaa na mumeo, muulize ametamani kuona nini tangu utotoni, naye akuulize wewe. Kisha ulizeni msimu, wanyama wanafuata maji na majani, hawafuati likizo zenu. Mkifika, msikimbizane na kila kichaka, zimeni gari mngoje. Na kama jibu liko hapa jirani, msilionee haya.

Nenda, mwanangu. Mungu awalinde njiani, awape kukutana na kitu kikubwa kuliko ninyi, na siku hiyo awakute mmeshikana mikono na macho yenu yote yanaona.