Nywele za Arcade

Donatille wa Kasokola hakupenda ubishi, mradi tu mkubaliane naye. Mkwe wake Aline alipojifungua mtoto wa kiume, Arcade, bibi alitoa agizo moja: wembe usimguse kichwani mpaka aseme neno. Akinyolewa kabla, maneno yatamkwama kooni.

"Lakini mama, joto hili," Aline alisema. "Kichwa kimejaa vipele."

"Vipele vinapona. Ububu je?"

Arcade alitimiza mwaka akiwa na kichaka kichwani, na kanisani wanawake wakawa wanamsifia Aline kwa kujaliwa binti mzuri. Donatille alijifanya hasikii.

Wakati wa mavuno, Aline na mumewe walienda shambani, bibi akabaki na mjukuu. Alitoka kidogo kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Aliporudi, Arcade alikuwa amekaa sakafuni, amejimwagia kichwani bakuli la asali na masega yake, anajilamba vidole kwa raha zake.

Bibi alimwosha kwa maji ya vuguvugu. Asali ikatoka, nta ikagoma. Kila alipochana, mtoto alipiga yowe, na sisimizi walishaanza kumpanda miguuni. Donatille akachungulia nje kama kuna mtu, kisha akachukua wembe.

Jioni Aline alikuta kichwa kinang'aa.

"Ni nta," Donatille alisema.

"Ndiyo, mama."

"Usicheke."

"Sicheki, mama," Aline alijibu, kitenge kikiwa mdomoni.

Lakini Donatille mwenyewe hakuwa na cha kucheka. Aliogopa kwelikweli. Tangu siku hiyo alimsemesha mtoto kuanzia uji wa asubuhi: hii sufuria, ule moshi, yule Ponsian jirani yetu, anapitisha baiskeli kwenye maharage yetu. Hakumpa nafasi hata ya kupiga miayo.

Asubuhi moja, bibi akiwa katikati ya habari za Ponsian, Arcade alimwekea kiganja mdomoni.

"Basi," akasema.

Donatille alimkumbatia, akalia mpaka Aline akaja mbio kutoka jikoni.

Siku hizi majirani wakimuuliza, anawaeleza kuwa kunyoa mapema hakuna shida, kutegemea na mkono wa mnyoaji. Jumapili baada ya misa wanamletea watoto wao. Aline humshikia beseni, na hajawahi kuongeza neno.